Mwizi Mwenye Goti Bovu

Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi saa nane mchana, meza ya kulia nyumbani kwa Fundi Miwani ilivuliwa kitambaa na kugeuka nchi. Ilikuwa na milima, mapango, magofu na mazimwi, ingawa mtu aliyechungulia dirishani angeona watu wazima watatu tu, penseli, vikombe vya chai na dadu za maumbo ya ajabu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kizamani. Hauna skrini wala waya. Mmoja ndiye mwamuzi: yeye husimulia mahali palivyo, mitego iliyotegwa na maadui wanaongoja. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Anafungua mlango, anakimbia, anampiga joka kwa kiti. Baada ya hapo dadu hurushwa, na dadu haina undugu na mtu.

Mwamuzi alikuwa Fundi Miwani, mwenye kiduka cha kutengeneza miwani karibu na posta. Wachezaji walikuwa wawili. Wa kwanza ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa lifti, ambaye wiki nzima alining'inia kwenye mashimo ya majengo marefu na Jumamosi akataka kuingia mashimo mengine, safari hii na upanga. Wa pili ni mfamasia wa ghorofa ya juu, mama mtaratibu ambaye mhusika wake alikuwa mganga. Kila dawa ya kichawi waliyookota aliulizia kipimo chake, na kama inywewe kabla au baada ya chakula.

Shida ilikuwa kwamba kichwa cha mwamuzi kilikuwa kimekauka.

"Mbele yenu kuna kisima," alisema Jumamosi moja.

"Ndani kuna jambazi," alisema shemeji bila kuinua macho.

Fundi akatazama daftari lake. Ndani kulikuwa na jambazi.

"Si lazima awe jambazi."

"Shem, ni jambazi. Wa nne mwaka huu kukaa kisimani. Mimi sijui hawapati mafua?"

Mfamasia alipiga mwayo, akaomba radhi, akapiga mwingine. Ndipo sauti ikatoka kwenye kochi:

"Nafasi ipo?"

Wote watatu waligeuka. Kwenye kochi alikuwa mama mkwe, mguu juu ya stuli, kompyuta mapajani. Alikuwa amekuja kukaa kwa bintiye baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Kabla ya kustaafu alikuwa mchora ramani wa ofisi ya ardhi, na alibaki mwanamke wa maneno machache, yote ya kusahihisha. Tangu afike alikuwa amesahihisha namna mlango unavyofungwa, namna sufuria zinavyopangwa na namna mkwewe anavyokunja taulo. Fundi alimheshimu kama watu wanavyouheshimu umeme. Alijua kwamba kompyuta ile ni ya kusomea habari za afya. Mkewe ndiye aliyemwambia hivyo.

"Nafasi ipo, Mama," alisema. "Lakini ni mchezo tu, wa kupoteza muda."

"Muda ninao."

Akamsogezea karatasi. "Utakuwa nani? Wanaoanza wengi huchagua mganga, au..."

"Mwizi."

Shemeji, ambaye ndiye mwanawe wa kumzaa, alipaliwa na chai. Fundi aliandika bila kubishana. "Na anaitwa nani?"

"Mwizi mwenye jina hukamatwa," alisema mama mkwe. "Nitaanza wiki ijayo. Leo sitaki kisima."

Sasa mambo yalikuwa mambo. Mbele ya shemeji mtu anaweza kupeleka jambazi wa nne. Mbele ya mkwe, hata kidogo. Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kufungua pazia la duka, Fundi aliwasha kompyuta ya kazini akaingia mtandaoni kutafuta maarifa.

Aliyakuta mengi kupita kiasi. Kumbe duniani kuna watu ambao kazi yao ni hiyo. Alikuta jukwaa ambako watu wazima walikuwa wakigombana mwaka wa sita kama mlango wa pango hufunguka kwa ndani au kwa nje. Alikuta jedwali la kurushia dadu lenye mistari elfu moja, linaloeleza zimwi ana nini mfukoni: uzi, jino, barua ya mama yake. Alikuta ramani, picha, orodha za majina ya wafalme wabaya. Akapakua, akapakua, mpaka kompyuta ikaanza kuhema. Kufikia Jumatano alikuwa na mafaili mia sita na hakuwa amesoma hata moja hadi mwisho, kama mtu anayenunua vitabu akidhani amenunua na siku za kuvisomea.

Machache aliyoyapenda aliyanakili kwa mkono kwenye karatasi iliyokuwa karibu, na iliyokuwa karibu ilikuwa ya kuandikia vipimo vya macho. Alhamisi mama mmoja wa makamo aliondoka na karatasi yake ndani ya bahasha. Ijumaa akarudi, akaiweka juu ya kaunta. Ilikuwa imeandikwa: *Jicho la kulia hutoa sumu. Jicho la kushoto hugeuza watu mawe. Udhaifu: hawezi ngazi.*

Fundi aliigeuza karatasi kifudifudi. "Mama, nisamehe, hii si..."

"Hayo ya macho mume wangu anakubaliana nayo," alisema yule mama. "Mimi nauliza hili la ngazi. Mlijuaje?"

Mchana ule, kwa kukata tamaa, Fundi aliacha kutafuta kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akaandika kwa Kiswahili: *ramani ya pango mitego mchezo wa dadu*. Yalikuja matangazo ya mitego ya panya. Ikaja kampuni ya kuchimba visima. Chini kabisa, kama mtu aliyekaa nyuma ya darasa na ndiye anayejua jibu, ikaja blogu inayoitwa Kibatari.

Alipoifungua alisahau chakula chake cha mchana. Zilikuwa ramani zaidi ya thelathini, zote zimechorwa kwa mkono, mistari imenyooka kama imepigwa kwa uzi. Kila moja ilikuwa na vipimo na maelezo mafupi ya kila chumba. Mwandishi hakutaja jina. Alijiita Mwenye Kibatari tu. Na aliandika hivi: *Chumba cha tano. Mlango umefungwa kwa minyororo. Nyuma yake hakuna kitu. Usiwaambie. Watakaa hapo nusu saa wakiogopa, na woga wao ni mzuri kuliko zimwi lolote utakalolibuni wewe.*

Fundi aliisoma mara tatu. Akachapa ramani ya *Ngome ya Ngazi Tisini*, akaitia kwenye jalada, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaingoja Jumamosi kwa hamu.

Jumamosi ikafika. Akawaeleza ngome, ukungu, mlango uliovunjika, na ngazi za mawe zinazoshuka gizani. Shemeji alikuwa ameshainua upanga. Jalada lilisema ngazi ya saba ina mtego: ukiikanyaga, mikuki sita.

"Natangulia mimi," alisema mama mkwe. "Nashuka nimeshika ukuta wa kushoto. Ngazi ya saba naivuka."

Fundi akamtazama. "Kwa nini ya saba, Mama?"

"Goti."

"Mwizi wako ana goti bovu?"

"Kila mtu ana goti."

Waliivuka ngazi ya saba. Chini kulikuwa na sanamu ya malkia ameshika kikombe cha dhahabu. Kikombe kilikuwa na sumu ya kugusa. Mfamasia alikuwa ameshaanza kuuliza ni cha mililita ngapi.

"Kikombe tukiache," alisema mama mkwe. "Sanamu izungushwe kwa kulia. Mimi siwezi, kwa goti langu. Mwanangu, zungusha."

Shemeji akazungusha, ukuta ukafunguka, hazina ikaonekana. Walipofika kwenye mlango wa minyororo, ule uliotakiwa kuwatia hofu nusu saa nzima, mama mkwe aliupita bila kuugeukia. "Huo hauna kitu," alisema, akaomba sukari. Ngome iliyopaswa kula Jumamosi tatu ilikwisha kabla chai haijapoa.

"Penye wazee haliharibiki neno," alisema shemeji, akihesabu dhahabu isiyokuwepo.

Wiki iliyofuata Fundi alileta ramani nyingine, *Maktaba Iliyozama*. Ikaenda vilevile: kitabu chenye meno hakikufunguliwa, daraja bovu halikukanyagwa, na goti likalaumiwa kwa yote. Alianza kushuku kwamba mama mkwe hupekua jalada lake. Akalihamishia dukani, ndani ya droo ya fremu za watoto, akafunga kwa ufunguo. Wiki ya tatu mama mkwe alimtambua mlinzi bandia kabla mlinzi mwenyewe hajafungua kinywa.

Maji yalipomfika shingoni, Fundi alifungua blogu ya Kibatari, mahali pa kumwandikia mwenyewe, akamwaga moyo wake:

*Ndugu Mwenye Kibatari, shikamoo kama wewe ni mkubwa wangu. Ramani zako ni nzuri sana, ila nina mchezaji mmoja simwezi. Ni mama mkwe wangu. Anaula mchezo wangu kama mchwa. Hakanyagi mtego, hagusi sumu, na kila nikimuuliza anasingizia goti. Sijui ni uchawi au nini. Nikisema nimtegee mtego mkali zaidi, naogopa. Nitamwambiaje mama wa mke wangu kwamba amekufa? Hata nyumbani namwogopa, maana nakunja taulo mara mbili na yeye anasema mara tatu. Naomba ushauri.*

Alipobonyeza kitufe cha kutuma alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kusema siri kwa mtu wa mbali asiyemjua.

Jibu lilikuja kesho yake:

*Ndugu Mwamuzi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekaa chini. Mchezaji wako si mchawi. Wewe unatumia ramani zangu kama zilivyo, hata makosa yangu ya tahajia hujayagusa, na vitu vya mtandaoni ni vya wote. Huenda na yeye anavisoma. Ramani za watu ni za kukuamsha usingizini. Ukishaamka, inuka. Chora mahali unapopajua wewe kuliko mtu yeyote, na usimwonyeshe mtu. La pili: akistahili kufa, afe. Mtu mzima akiachiwa kushinda hujua, na haimpendezi. Kuhusu taulo sina la kusema, ila mara tatu ndivyo inavyofaa.*

Fundi alilisoma akiwa amesimama nyuma ya mashine ya kusagia lenzi. Alifarijika sana. Kilichomsononesha kidogo ni kwamba hata mtandaoni watu walikuwa upande wa mama mkwe.

Mahali anapopajua yeye kuliko mtu yeyote. Alitazama huku na huku. Vioo. Lenzi. Ubao wa herufi unaosomwa kupitia kioo kwa sababu chumba ni kifupi. Miaka kumi na minane alikuwa akiishi na vitu vinavyoonekana karibu kumbe viko mbali, vikubwa kumbe vidogo. Akavuta karatasi, akaanza kuchora Nyumba ya Vioo. Korido ndefu iliyokuwa hatua nne tu. Joka la kutisha ambalo, ukizunguka nyuma ya lenzi, ni mjusi. Mjusi ambaye, ukizunguka nyuma ya lenzi, ni joka. Mistari ilipinda, vyumba viwili vilipandana, na wino ukamwagika mahali akapaita ziwa. Wateja walingoja. Mmoja aliuziwa miwani ya mwingine na akasema anaona vizuri.

Jumamosi aliifungua ramani ile nyuma ya jalada, asiione mtu.

Mama mkwe alianza kama kawaida: "Nashika ukuta wa kushoto."

"Ukuta wa kushoto haupo, Mama. Ulichoshika ni taswira ya ukuta wa kulia."

Mama mkwe alivuta karatasi tupu, akaanza kuchora wanakopita, kitu ambacho hakuwahi kukihitaji. Baada ya robo saa alifuta. Baada ya nusu saa alifuta tena, akavaa miwani, akaivua, akaifuta vumbi, akaivaa. Shemeji alilishambulia joka akaua mjusi, akaona haya. Mfamasia alikataa kuponya mtu yeyote mpaka ajue aliyejeruhiwa ni yeye au ni taswira yake. Hakuna aliyepiga mwayo. Chai ilipoa vikombe vyote vinne.

Wakafika kwenye chumba cha mwisho. Kwenye kioo kikubwa walionekana wao wenyewe, na pembeni yao shimo jeusi lisilo na mwisho.

"Shimo liko upande gani?" aliuliza mama mkwe.

"Kwenye kioo, liko kushoto kwa taswira zenu."

"Basi kwa kweli liko kulia. Naenda kushoto."

Fundi alitazama ramani yake. "Mama, kile si kioo kimoja. Ni viwili vinavyotazamana. Taswira imegeuzwa mara mbili." Akamsogezea dadu. "Umesema kushoto."

"Nimesema kushoto."

"Basi rusha dadu uone kama utashika ukingo."

Dadu ya nyuso ishirini ilibingirika, ikagonga bakuli la sukari, ikatulia. Mbili.

Fundi alitafuta maneno yanayofaa mtu kumwambia mkwewe, akagundua wazee hawakuyaacha.

"Mama," alianza. "Mwizi... yaani yule mheshimiwa mwizi... ametangulia mbele ya haki."

"Sema vizuri."

"Mama amekufa," alisema shemeji kwa sauti kubwa, akiinuka, kama mtu aliyeshuhudia jengo likianguka.

Bahati mbaya ni kwamba wakati huohuo mke wa Fundi, ambaye ni muuguzi, alikuwa akifungua mlango akitoka zamu. Mkoba ulianguka. Machungwa yakabingirika hadi chini ya kabati.

"Nani amekufa?"

"Mama," alisema shemeji.

"Mama yupi?"

"Mimi," alisema mama mkwe. "Nimeangukia shimoni. Funga mlango, mbu wanaingia."

Mkewe alivuka sebule hatua mbili, akamshika mama yake mkono, akahesabu mapigo mpaka mwisho, kwa mazoea ya kazi. Kisha akamgeukia mumewe kwa jicho ambalo lingeweza kuandikwa kwenye karatasi ya yule mteja. "Umemuua mama yangu?"

"Kwa haki kabisa," alisema mama mkwe. "Mwache. Ndiyo Jumamosi nzuri kuliko zote tangu nije hapa." Akamwelekea mkwewe. "Na mimi siuli tena mchezo wako kama mchwa."

Fundi alianza kucheka kwa adabu, halafu kicheko kikamkwama. Neno lile la mchwa hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa ameliandika mara moja tu, kwa mtu mmoja tu.

"Mama," alisema polepole. "Kibatari."

"Ndiyo."

"Ni wewe."

"Miaka tisa sasa. Kijana mmoja wa ofisini aliniomba nimchoree pango la mchezo wake, nikaona ni raha kuliko kuchora mipaka ya viwanja. Pangoni hakuna anayekuja kudai umehamisha jiwe."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu alikuwa kwenye kochi. Lugha nzima ilikuwa na blogu moja ya mambo haya, na mwenyewe alikuwa akilala chumba cha pili. "Sasa mbona hukusema? Wiki tatu nzima."

"Nilitaka kusema. Lakini raha ya kucheza ilinizidi. Tena ukikaribishwa ugeni nyumbani kwako mwenyewe, utajifanya hujui choo kiko wapi?" Akaivua miwani. "Uliandika kwamba unaniogopa. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

"Vizuri. Ila punguza."

Mke wa Fundi alikuwa bado amesimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na haikuwa tena habari ya kifo. "Ngoja kwanza," alisema. "Mapango? Mazimwi? Wewe? Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu ulinichukulia vitabu vyangu vyote vya hadithi za majini na mazimwi. Ulisema vinaozesha ubongo. Ukavitupa."

Mama mkwe alilitazama goti lake, lakini safari hii goti halikuwa na la kusaidia. "Sikuvitupa. Nilivipeleka ofisini. Nilitaka kuvipitia nijue ubaya wake."

"Na ukauona?"

"Nilivipitia miaka miwili."

"Nililia wiki nzima, Mama."

"Najua. Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa nimefika sura ya tatu." Mzaha ulimtoka usoni. "Kila nilipotaka kuvirudisha niliona aibu, maana ningesemaje. Kisha ukakua, ukaacha kuuliza. Kwa hiyo nikaficha na yaliyofuata. Nisamehe, mwanangu. Hilo lilikuwa kosa langu, si la vitabu."

Mfamasia aligundua ghafla kwamba chai yake inahitaji kupashwa moto, akaenda nayo jikoni. Mke wa Fundi alikaa kwenye ncha ya kochi.

"Kile cha binti aliyefungiwa ndani ya mnara wa chumvi," alisema mwishowe, bila kumtazama mama yake. "Uliponinyang'anya alikuwa ameanza kuulamba ukuta. Alitoka?"

"Alitoka," alisema mama mkwe. "Lakini si kwa kulamba. Sogea, nikusimulie."

Akamsimulia, kuanzia pale pale bintiye alipoishia, sura baada ya sura, pamoja na jina la kila jini. Mfamasia alisimama mlangoni na kikombe chake. Shemeji alikaa sakafuni kama mtoto. Fundi aliokota machungwa, taratibu, asije akakatiza.

Mwezi mmoja baadaye Nyumba ya Vioo ilipandishwa kwenye Kibatari, imenyooshwa mistari, ziwa la wino limeachwa kama lilivyo. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa mbali, akilalamika kwamba chumba cha mwisho kimewaua wachezaji wake wote watano, kwamba sasa hawasemi naye, na kwamba mmoja wao ni mkuu wake wa shule.

Fundi aliketi kwenye kompyuta, mama mkwe kando yake, wakajibu pamoja.

"Mwambie pole kwanza," alisema Fundi.

"Pole ya nini? Mwambie dadu haina undugu na mtu."

"Mama, ni mkuu wa shule."

"Basi mwambie amuue tena, apate kuzoea." Akainama kutazama skrini. "Na 'wachezaji' umeliandika vibaya. Nimekwambia punguza kuogopa, sikukwambia punguza herufi."